Perege wa Korogwe: historia ya samaki wetu, tangu daftari la 1955 hadi kanzidata ya vinasaba



Swali ninaloulizwa zaidi nikipita vijijini, kuliko hata la chakula cha samaki, ni hili: "Bwana samaki, huyu ni sato au perege?" Muulizaji huwa ameshika samaki mkononi na anataka jibu la neno moja. Mchuuzi analitaka kwa sababu sato ana bei yake. Mfugaji analitaka kwa sababu alinunua vifaranga kwa jina la sato, miezi sita imepita, samaki wamegoma kukua na bwawa limejaa watoto.

Siku hizi jibu la neno moja ni gumu, na ugumu huo una historia. Sehemu kubwa ya historia yenyewe imepita hapa kwetu: Korogwe, Mto Zigi, bwawa la Mlingano kule Muheza. Naomba leo tuifuate mpaka mwisho. Ukiijua utaelewa kwa nini kila nikija kukagua bwawa lako naanza na bomba la kutolea maji kabla sijaangalia samaki.

Tuelewane majina kwanza. Perege ni jina la ukoo mzima. Sato ni mmoja katika ukoo huo, yule mkubwa mwenye mistari ya wima iliyopangika kwenye pezi la mkia. Kwa asili, hapa Tanzania sato ni wa Ziwa Tanganyika. Kwingine kote unakomkuta, kuanzia Ziwa Victoria hadi bwawa la jirani yako, alipelekwa na watu. Nitakapoandika "perege wa Korogwe" namaanisha aina moja maalumu, siyo samaki yeyote aliyevuliwa Korogwe.

Jina lililoanzia mlimani

Mwaka 1889 mtaalamu wa makumbusho ya London aitwaye Günther alipokea samaki kutoka Ziwa Chala, lile ziwa la shimo la volkano chini ya Kilimanjaro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Samaki hao walipatikana kwa mkono wa Mwingereza aitwaye Hunter. Günther aliona hawafanani na wengine aliowajua, akawapa jina jipya la ukoo: Oreochromis. Sehemu ya mwanzo ya jina hilo ni neno la Kigiriki la mlima.

Leo sato anafugwa China, Misri, Brazil na kwingineko, na kila kitabu cha ufugaji duniani kinamwita Oreochromis. Jina hilo lilianzia Chala, juu kidogo ya bonde letu la Mto Pangani. Nalitaja kwa sababu tumezoea kuona elimu ya samaki kama kitu kinachotoka mbali kuja kwetu. Hapa kitu kilitoka kwetu kwenda mbali.

Bonde lenyewe mnalijua. Maji hutoka Kilimanjaro na Meru, mengine hutoka Ziwa Jipe kwa Mto Ruvu, yanakutana Nyumba ya Mungu, yanateremka Korogwe na Hale hadi baharini Pangani. Mto Zigi ni mwingine kabisa: unatoka milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, unakwenda baharini peke yake, na maji yake ndiyo yanayonywewa Tanga mjini kupitia bwawa la Mabayani. Mto na mto haukutani isipokuwa baharini, na samaki wa maji baridi hapiti baharini kwenda kumtembelea jamaa yake. Kwa hiyo kila mto unaweza kukaa na samaki wake maelfu ya miaka.

Korogwe, 1949

Wengi hawajui kwamba ufugaji wa samaki wa mabwawa Tanzania ulianza mkoani kwetu. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilianza majaribio ya kufuga perege sehemu mbili: Korogwe, na Malya kule Mwanza. Baada ya hapo mabwawa yalichimbwa kwa kasi. Yanakadiriwa kufikia 8,000 nchi nzima ilipofika mwaka 1968. Mengi yalikufa. Mengine yalikauka, mengine yalichimbwa pasipofaa, na mengine yaliachwa bila mtu wa kuyatunza. Wazee wa Korogwe na Lushoto wanaweza kukuonyesha mashimo yake.

Lakini samaki hawakufa wote pamoja na mabwawa. Nitarudi hapo.

Wakati huo kulikuwa na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, makao yake Jinja, Uganda. Kati ya watafiti wake alikuwepo mwanamke kijana wa Kiingereza, Rosemary Lowe, aliyekuwa ametoka kuchunguza perege wa Ziwa Nyasa. Alizunguka maziwa, mito na mabwawa ya Afrika Mashariki akikusanya perege. Mwaka 1953 aliolewa, na kwa utaratibu wa utumishi wa kikoloni mwanamke akiolewa alipaswa kuacha kazi. Akaacha. Ila matokeo ya kazi yake yalitoka mwaka 1955. Katika andiko moja alitangaza aina mpya za perege wa bonde letu: akamwita mmoja kwa jina la Ziwa Jipe, mwingine kwa jina la Pangani, na mwingine kwa jina la Korogwe. (Watafiti wa siku hizi wanaelekea kumhesabu yule wa Pangani kuwa ni wa Jipe huyo huyo.)

Mwaka huo huo aliandika pia mwongozo mfupi wa kutambua perege wa mabwawa ya Afrika Mashariki, na akaupeleka kwenye jarida la kilimo, lililokuwa likisomwa na mabwana shamba. Mwongozo wa namna hiyo unakwenda kwa maswali: hesabu miiba ya pezi la mgongoni, tazama mkia, tazama rangi ya dume anapozalisha. Ukijibu swali moja unapelekwa kwenye lingine, mpaka unafika kwenye jina.

Kwa maoni yangu ile ndiyo kanzidata yetu ya kwanza. Aliiandika kwa sababu mabwana shamba walikuwa wanahamisha samaki kutoka bwawa hadi bwawa bila kujua wanahamisha nani.

Ndoo za serikali

Sasa tuseme ukweli. Kuanzia miaka ya 1950 waliosambaza samaki wageni kwenye mito na mabwawa ya Tanzania hawakuwa wahalifu. Walikuwa maofisa, watu wa kazi kama yangu, wakiwa na nia njema ya kuongeza kitoweo. Walichukua ngege wa Ziwa Victoria wakampeleka kwenye maji ya bonde la Pangani. Walichukua sato. Pamoja na sato alikuja perege mwingine, mwenye madoa meupe mwilini na kwenye mapezi, ambaye asili yake ni maziwa ya magharibi mwa Uganda, Albert na Edward. Huyu wa madoa hana asili Tanzania hata kidogo. Anakomaa na kuanza kuzaa akiwa mdogo sana, na ndiye anayetajwa mara kwa mara mfugaji anapolalamika kwamba "sato" wake wamedumaa.

Kumbukumbu za uhamishaji huo ziliandikwa kwa shida au hazikuandikwa kabisa. Nani alimwaga nini, bwawa gani, mwaka gani? Mara nyingi karatasi haipo.

Si kila kilichotokea kilikuwa kibaya. Ngege alikuwa samaki mkuu wa Ziwa Victoria enzi za babu zetu. Baada ya sangara na sato kupandikizwa kule, ngege alikaribia kutoweka ndani ya ziwa lenyewe. Anayebaki anapatikana kwenye maziwa madogo ya pembeni na kwenye mabwawa alikopelekwa. Kwa hiyo ndoo ile ile iliyoharibu sehemu moja ilihifadhi sehemu nyingine. Ila ilikuwa bahati tu, hakuna aliyepanga.

Kati ya 2011 na 2017 watafiti wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, wakiongozwa na Asilatu Shechonge pamoja na wenzao wa vyuo vya Uingereza, walizunguka nchi nzima na kukusanya perege katika sehemu 123. Walikuta aina 14 zilizobaki kwenye maji yao ya asili tu, na aina tatu zilizokuwa zimeenea nje ya kwao: sato, ngege na yule wa madoa meupe. Waliyaita matokeo yao urithi wa miongo ya upandikizaji wa makusudi. Kama umewahi kujiuliza sato amefikaje kwenye mto ambao hakuna mfugaji, jibu ndilo hilo.

Jicho linapofika mwisho

Kumbuka samaki hawa wote ni ukoo mmoja. Sato dume akikutana na perege jike wa kwetu kwenye maji yale yale wanaweza kuzaa, na watoto wao wanaweza kuzaa tena. Hapo ndipo mwongozo wa kuhesabu miiba unaposhindwa.

Timu ya watafiti wa Bristol, Bangor na TAFIRI ililipima jambo hili katika bonde la Pangani na kutangaza matokeo mwaka 2018. Walikuta machotara wa sato na perege wa Jipe, wa yule wa madoa na perege wa Jipe, na wa sato na perege wa Korogwe. Kisha wakajaribu kuwatambua machotara kwa umbo la mwili na kichwa, kwa vipimo vya kitaalamu vya picha. Samaki safi waliweza kutofautishwa. Machotara hawakuweza kutambulika kwa umbo peke yake. Kama mtaalamu mwenye kompyuta na mamia ya picha ameshindwa, mimi na wewe kando ya bwawa tunabahatisha.

Habari njema katika matokeo hayo ni kwamba machotara walikuwa wachache kuliko samaki safi. Perege wa Jipe ameorodheshwa kimataifa kuwa yuko hatarini kabisa kutoweka, lakini hajamezwa bado. Kuna cha kulinda.

Sasa tuzungumzie vinasaba, yaani DNA, kwa sababu ndivyo vilivyotoa jibu hilo. Watu wa Tanga tuna mfano wa karibu. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Kigombe na jirani zake walianza kumnasa silikanti, yule samaki wa kale wa bahari ya kina. Wengi walidhani ni wale wale wa Komoro waliopotea njia. Mwaka 2011 watafiti wa Japani na Tanzania walitangaza kwamba vinasaba vyao vinaonyesha silikanti wa pwani ya kaskazini ya Tanzania ni kundi lake, lililotengana na wa Komoro zamani sana. Silikanti tayari alikuwa na hifadhi yake, iliyotangazwa 2009. Perege wa Zigi hana hifadhi wala bango, lakini kilichompata kinafanana.

Vinasaba ni maandishi yaliyomo katika kila chembe ya mwili, yenye herufi nne tu zinazorudiwa kwa mpangilio. Mwaka 2003 Mkanada aitwaye Paul Hebert alipendekeza kwamba kipande kifupi cha maandishi hayo, kama herufi 650, kinatosha kutambua aina nyingi za wanyama, mradi tuwe na daftari la kulinganishia. Daftari hilo likajengwa kwenye intaneti, likaitwa BOLD, na mwaka 2005 ukaanza mradi wa kuingiza samaki wa dunia nzima.

Linafanyaje kazi? Chukua mfano wa daftari la wakazi la mtendaji wa kijiji. Mkazi anaandikwa pale mwenyewe akiwepo, anafahamika kwa wazee, na kuna ushahidi wa alikotoka. Kwa samaki, ushahidi ni mwili wake uliohifadhiwa makumbusho, picha yake, na jina la mahali alipovuliwa. Kipande cha pezi lake kinasomwa, maandishi yanaingizwa. Siku nyingine mtu akileta kipande cha pezi asichokijua, au hata minofu isiyo na kichwa wala ngozi, kinasomwa na kulinganishwa na daftari.

Ubora wote uko kwenye kuandikisha. Ukimwandikisha chotara kwa jina la perege wa Korogwe, kila atakayeuliza baada yako atadanganywa. Na samaki ambaye hajaandikwa kabisa daftari linaweza kukurudishia jina la jamaa yake wa karibu zaidi aliyeandikwa. Samaki wa Zigi angeweza kupotea bila mtu kugundua, kwa sababu kila alipoulizwa angejibiwa kwa jina la mwingine.

Kuna udhaifu mmoja mkubwa katika kipande kile cha herufi 650, na kwa perege ni udhaifu wa kuua. Kinarithiwa kwa mama tu. Chotara ambaye mama yake ni perege wa Korogwe na baba yake ni sato atasomeka perege wa Korogwe mtupu. Kwa hiyo kwa ukoo huu haitoshi kusoma upande wa mama. Lazima usome pia sehemu zinazotoka kwa wazazi wote wawili. Watafiti wakiongozwa na Adam Ciezarek walisoma vinasaba vizima vya perege wa Tanzania, kisha wakachagua alama 96 zinazotofautisha aina moja na nyingine. Mwaka 2022 walionyesha kwamba alama hizo 96 zinatambua aina na machotara karibu sawa na kusoma vinasaba vyote, na kwa usahihi kuliko kutazama kwa macho. Kusoma alama 96 ni kazi ndogo sana kuliko kusoma mamia ya mamilioni ya herufi, na ndiyo maana jambo hili linaweza kuja kutumika kwenye vituo vya kuzalishia vifaranga.

Zigi, Mlingano na Lindi

Haya ndiyo matokeo yaliyonifanya niandike makala hii.

Kati ya 2013 na 2016 watafiti walivua perege katika maziwa madogo ya Lindi: Rutamba, Nambawala na Mitupa. Kwa sura walikuwa kama perege wa Korogwe. Lakini Lindi iko mbali nasi kwa mamia ya kilomita, na kuna mito mikubwa katikati. Wazo la kwanza la mtu yeyote anayeijua historia ya ndoo za serikali ni kwamba walihamishwa na watu.

Wakawalinganisha na samaki wa kwetu, waliovuliwa Mto Zigi na bwawa la Mlingano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021, na mwandishi wa kwanza alikuwa Tabitha Blackwell. Makundi mawili, la kaskazini na la kusini, yanakadiriwa kutengana miaka 140,000 iliyopita. Hakuna ndoo iliyofanya hivyo. Ni makundi mawili, kila moja lenye urithi wake usio na mwenzake popote duniani.

Katika andiko hilo hilo kuna habari ya pili: maziwa yote matatu ya Lindi tayari yana machotara wa perege huyo na sato. Yaani samaki aligunduliwa na kukutwa anachanganyika wakati mmoja. Nimelisoma mara kadhaa na kila mara nafikiria hapa kwetu, kwa sababu Zigi na Mlingano ndiyo sampuli zilizosimama kwa niaba ya kundi lote la kaskazini. Ndizo zilizoandikwa kwenye daftari.

Huko Chala mambo yamekwenda kinyume. Ziwani humo wamekutwa samaki waliopelekwa na watu, na mmoja wao anafanana na huyu huyu wa Korogwe. Kwa hiyo hata samaki wetu mwema, akimwagwa pasipo pake, anakuwa mgeni wa kumsumbua mwenyeji, na mwenyeji wa Chala naye yumo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa.

Mfukoni inakuhusu nini

Najua kuna msomaji anasema: sato anakua mkubwa, huyo wa Korogwe nitamfanyia nini? Ni swali la haki. Naomba nijibu kwa historia mbili za biashara.

Miaka ya mwisho ya 1950, huko Malacca katika Malaysia ya leo, Mwingereza aitwaye Hickling alikuwa na tatizo lile lile ulilonalo: perege wanazaana bwawani mpaka wanadumaa. Alipata perege kutoka Zanzibar. Alipompandisha dume wa Zanzibar kwa jike wa Msumbiji, vifaranga wakatoka madume watupu. Madume hukua haraka, na bwawa la madume halijai watoto. Samaki yule wa Zanzibar ni jamaa wa perege wa mito yetu ya pwani kama Wami. Ila ujanja huo hufanya kazi wazazi wakiwa safi tu. Damu ikichanganyika, majike yanaanza kutokea tena kati ya vifaranga na faida inaondoka.

Ya pili: mwaka 1988 ulianza Ufilipino mradi wa kuboresha sato, uliozaa mbegu iitwayo GIFT inayofugwa sasa nchi nyingi. Walianzaje? Walikwenda kuchukua sato wa porini Misri, Ghana, Kenya na Senegal, kwa sababu mbegu za mabwawani huko Asia zilikuwa zimechoka na kuchanganyika. Aliyehifadhi samaki wa porini ndiye aliyekuwa na cha kuuza.

Mkulima wa mahindi anaelewa hili bila kuambiwa. Perege wa Zigi ni mbegu ya asili ambayo hakuna aliyewahi kuifanyia uboreshaji wowote. Hatujui itakuja kutufaa kwa nini, na ikichanganyika hakuna chujio la kuitenganisha.

Sisemi usifuge sato. Wapo wafugaji wazuri wa sato mkoani humu na wanalipa ada kwa samaki hao. Ninachosema ni pa kumfugia na namna. Kama shamba lako liko ndani ya eneo linalomwaga maji Mto Zigi, au jirani na bwawa la Mlingano, njoo tuzungumze kabla hujaleta kifaranga chochote. Bwawa lisiwe bondeni ambapo mto ukifurika masika unalifunika. Bomba la kutolea maji liwe na wavu wa matundu madogo ambayo kifaranga hapiti, na ukilikausha bwawa maji yaishie shambani kwenye mboga, yasielekezwe mtoni. Vifaranga wa kugawana kwa ndoo kati ya jirani na jirani ndivyo yule wa madoa alivyotufikia wengi, tuache. Na muuzaji wa vifaranga muulize wazazi wao walitoka wapi. Nimeshakutana na shehena iliyouzwa kama sato safi ikiwa na wa madoa ndani yake, waliopakiwa sehemu nitakayoiacha bila jina. Muuzaji asiyejua wazazi walikotoka, rudi na pesa yako.

Wachuuzi, kwenu nina ombi jepesi. Perege mdogo wa mtoni msimwite sato ili apate bei. Muuzeni kwa jina lake na mahali alipotoka. Mteja wa Muheza anayejua ladha yake atamfuata, na sisi tutajua bado anavuliwa wapi.

Kwa anayetaka picha za kulinganisha, upo mwongozo wa perege wa Tanzania ulioandaliwa mwaka 2018 na Genner, Turner na Ngatunga. Naweza kukuonyesha kwenye simu ukifika ofisini. Utakusaidia kwa samaki safi; kwa chotara, rudi juu usome tena kuhusu jicho.

Na ukivua perege usiyemwelewa Zigi, Mlingano au kijito chochote cha Usambara, usimtupe. Samaki wengi wa enzi za Lowe walihifadhiwa kwa fomalini, dawa inayotunza umbo lakini inavunja vinasaba, ndiyo maana watafiti walilazimika kurudi mtoni upya. Wewe mpige picha ubavu wa kushoto, akiwa bado mbichi, mapezi yamenyooshwa. Kata kipande cha pezi ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kiweke kwenye kichupa cha spiriti kali ya maabara, asilimia 95 au zaidi. Kichupa nitakupa mimi, na nitakipeleka kupitia ofisi ya uvuvi ya wilaya. Ndani ya kichupa tia karatasi yenye tarehe, jina la mto na jina la kijiji. Andika kwa penseli, maana spiriti hufuta wino wa kalamu.